Duara la Mawe kwenye Njia Panda

Kibanda kilikuwa na mlango mmoja, mfupi kama wa banda la kuku, na theluji ilikuwa imeuziba hadi usawa wa kiuno. Jumamosi asubuhi Moliehi aliichimba kwa sufuria, akatoa kichwa nje, akaona weupe mtupu, akarudi ndani. Saa sita akachimba tena. Saa tisa, tena. Kila alipomaliza, upepo ulileta nyingine ukaimwaga pale pale, kama kibarua aliyepewa kazi hiyo na hataki kufukuzwa.

"Dada, achana nao huo mlango," Kopano, mwenzake wa safari, alimwambia kutoka pembeni, miguu yake ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. "Hata ukifunguka utakwenda wapi? Sokoni?"

Moliehi aliweka sufuria chini. Alikaa juu ya mkoba wake, akatoa daftari la safari kwenye mfuko wa nailoni, akaandika: Saa tisa na dakika tano. Theluji bado. Tupo palepale.

Daftari hilo ndilo lililomleta kwenye milima hii katikati ya baridi. Maskauti wakubwa, wale wa miaka kumi na minane hadi ishirini na sita wanaoitwa marova, wana ngazi zao za kupanda. Kuna uanagenzi, kuna huduma, kuna ufundi, na mwisho kuna safari: siku zisizopungua nne kwa miguu, kilometa themanini, watu wawili wawili, bila kupanda gari wala mnyama, kila jambo likiandikwa kwa saa yake na kila kituo kikigongwa mhuri. Ukimaliza zote unapewa nishani ya juu na cheti chenye jina lako kamili. Lakini sharti umalize kabla ya kutimiza miaka ishirini na sita. Siku hiyo ikifika, hata kama umebakiza hatua kumi, mlango umefungwa, na haufunguliwi kwa machozi.

Moliehi alikuwa anatimiza ishirini na sita Jumatatu.

Wengine humaliza ngazi hizo kwa miaka miwili. Yeye zilimchukua minne. Mchana alishona suruali katika kiwanda cha nguo kule Maputsoe, mstari wa mifuko ya nyuma, mifuko mia saba kwa siku. Jioni alibana magoti yake kwenye dawati la watoto, akisoma masomo aliyoyaacha darasa la saba mama yake alipougua. Skauti ilikuwa ya Jumamosi, na Jumamosi nyingi kiwanda kilizichukua. Maishani mwake hakuwahi kupewa karatasi yenye jina lake zaidi ya kadi ya zahanati. Siku alipokula kiapo cha urova, mama yake aliazima nyundo kwa jirani, akapigilia msumari ukutani juu ya kabati la vyombo, akasema cheti kitakaa hapo. Tangu siku ile msumari ulikuwa ukishika kofia ya majani.

Safari ilianza vizuri Jumatano. Alhamisi ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa jambo dogo. Kituo cha pili kilikuwa zahanati, na muuguzi mwenye mhuri alikuwa amekwenda mazishini, kijiji cha tatu, na mhuri ameutia mfukoni. Wakamngoja hadi Ijumaa saa tatu asubuhi. Nusu siku ikapotea hivyo, wamekaa kwenye benchi la kina mama wajawazito.

Kwa hiyo walipofika njia panda, Moliehi aliona kwenye ramani kwamba njia ya kushoto ingewaokolea kilometa saba. Haikuwa njia waliyoiandika kwenye kadi waliyomwachia kiongozi wao, Mzee Lebakeng, waliyemwita Ntate Lebakeng kwa heshima. Sheria inaruhusu kubadilisha njia mradi kilometa themanini zitimie, ila ni lazima uweke alama, ili wanaokutafuta wajue umeelekea wapi. Mshale wa mawe unatosha.

"Weka mshale," alimwambia Kopano, na yeye mwenyewe akainama kwenye ramani kuhesabu saa zilizobaki. Alimsikia kijana akipiga mbinja na kuburuta mawe juu ya mwamba. Akaandika: Saa sita na robo. Njia panda. Tumeacha njia ya kadi, tumeshika ya mkato. Alama ya mshale imewekwa. Kisha akafunga daftari, wakaondoka.

Theluji iliwakuta mchana ule ule. Kopano alitumbukiza mguu wa kushoto kwenye kijito kilichofunikwa na barafu nyembamba, buti likajaa maji. Walipokuwa hawaoni tena hata mikono yao, Mungu aliwaonyesha kibanda cha wachungaji, kuta za mawe na paa la nyasi, kitupu kwa sababu majira hayo mifugo yote huteremshwa mabondeni. Ndani palikuwa na lundo la samadi kavu ya kuwashia moto. Moliehi alipiga magoti kwenye samadi hiyo akashukuru.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Kufika Jumamosi jioni shukrani ilikuwa imeanza kumkauka mdomoni.

Kibanda kilikuwa na upana wa hatua tatu. Alizipima mara nyingi. Ukisimama kichwa kinagusa paa, ukikaa moshi unakufuata machoni, ukilala maji ya theluji inayoyeyuka yanakutafuta ubavuni. Chakula kilikuwa kimebaki unga wa ugali mara mbili na mfuko wa pichi zilizokaushwa. Aligawa pichi tano tano. Kopano alizipanga zake juu ya goti, akaziita kwa majina ya viongozi wa wilaya, akamla kamishna kwanza.

"Una roho gani wewe, ya kucheka kila kitu?" Moliehi aliuliza.

"Nikiacha kucheka nitaanza kuuhisi mguu."

Mguu ndio uliomtisha. Moliehi alikuwa na beji ya huduma ya kwanza, alijua asiusugue wala kuupeleka kwenye moto. Aliuweka chini ya kwapa lake, ndani ya blanketi, akaupasha kwa mwili wake saa nzima. Kisigino kilirudi. Vidole vilibaki vyeupe na vigumu kama mshumaa. Alijua pia kwamba mguu ulioganda ukishapata joto haupaswi kukanyaga chini, na kwamba kuanzia hapo kinachohesabiwa ni saa.

Aliomba kwa sauti. Aliomba juu ya mguu, juu ya mama yake, juu ya upepo, na chini chini, kama mtoto anayenyoosha mkono wa pili, juu ya Jumatatu. Kopano alisema amina kabla hajamaliza.

"Nilikuwa bado."

"Najua, dada. Niliogopa utarudi mwanzo."

Kila alipoona kijana anatetemeka, Moliehi alimfariji kwa jambo lile lile. Ntate Lebakeng alikuwa na kadi. Alikuwa mpima ardhi miaka thelathini kabla ya kustaafu na hakuwahi kuchelewa hata kwa chai. Wasipoonekana kituo cha tatu, kile cha mwisho, angeanzia zahanati, angefika njia panda, angeuona mshale. Kila alipotaja mshale, Kopano aligeuza uso ukutani. Moliehi alidhani ni maumivu.

Jumapili upepo ulikoma. Moliehi alisikia kimya kabla hajafungua macho. Alichimba mlango kwa sufuria, na safari hii ulibaki wazi. Nje mbingu ilikuwa buluu tupu, milima imevaa nyeupe kama wanawake wa chama cha kanisa, na jua lilichoma macho.

Alirudi ndani mbio mbio, karibu kuanguka. Akamwambia Kopano kwamba waokoaji watakuwa wametoka zahanati alfajiri. Kwa farasi, saa nne watakuwa njia panda. Wataona mshale, na kutoka pale ni kilometa tatu tu.

Kopano alikuwa amefunua mguu. Vidole viwili havikuwa vyeupe tena. Vilikuwa na rangi ya zambarau.

"Dada," alisema. "Sikuweka mshale."

Moliehi alimtazama.

"Niliweka duara. Na jiwe katikati."

Hakuna skauti asiyelijua duara hilo. Hata watoto wa miaka minane wanalijua, tena wanalipenda kuliko alama zote, kwa sababu ndilo mwisho wa mchezo wa kufuata nyayo. Maana yake ni: nimekwenda nyumbani. Usinifuate tena. Atakayeliona hupiga kelele, na wote hugeuka wakaenda kula.

Moliehi aliuliza kwa nini.

"Ulisema njia hii itatufikisha nyumbani mapema. Nikaona inachekesha." Kopano alifuta pua kwa mkono. "Ulikuwa umekunja uso tangu zahanati. Nilitaka ugeuke, uone, unitukane, ucheke. Nikangoja. Hukuangalia hata."

Matusi yalikuwa tayari kwenye ulimi wake, yote, hata yale ya kiwandani. Lakini daftari lilikuwa mapajani, na humo ndani ilikuwamo hati yake mwenyewe: Alama ya mshale imewekwa. Ndiye aliyeshuhudia kitu ambacho hakukiona. Miaka minne amewaandikia skauti wadogo kwenye madaftari yao, rudia, rudia, hukutazama, na siku yake ilipofika akaandika kwa sikio.

Alitandaza ramani sakafuni. Nyuma, kilometa tatu za kupanda hadi njia panda. Mbele, kilometa kumi na moja za kuteremka hadi kanisa la misheni, ambalo ndilo kituo cha mwisho. Mhuri wa mwisho. Leo Jumapili, padri yupo. Akitoka sasa, na theluji ikiwa nyepesi huko chini, angefika kabla ya jua kutua.

Kopano naye aliiona njia hiyo. Alitambaa kwa matako hadi kwenye ramani, akaweka kidole juu ya kanisa.

"Nenda mbele," alisema. "Sheria inakuruhusu. Mmoja akiumia, mzima aende kutafuta msaada, na akiupata kituoni safari yake inahesabiwa. Wewe ndiye uliyenikaririsha."

"Nikifika jioni, watakuja kesho."

"Nitakuwepo. Sina miadi."

Moliehi alitoka nje. Jana alifungwa na theluji; leo theluji imemwachia, na bado hakuwa na pa kutokea. Alisimama hadi magotini katika ule weupe, akasema maneno aliyowahi kuyasema mara chache sana. Bwana, sijakuomba mengi. Hujanipa shule nikiwa mtoto, sikulalamika. Nimeshona, nimesoma kwa taa, nimekuja hadi hapa kwa miguu yangu. Nilichotaka ni karatasi moja. Aliomba ukungu ushuke upande mmoja, wowote, ili asichague yeye. Akangoja. Hakuna kilichoshuka. Njia zote mbili zilikuwa wazi, zinang'aa sawasawa, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kushika ile ya mbele. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba mlango wa dhambi hii ulikuwa na ruhusa juu yake.

Aliinama akaingia. Alimwongezea Kopano samadi kwenye moto, akamwekea pichi zote zilizobaki, akamfunga mguu upya. Akachukua filimbi. Daftari na kalamu akamwekea mapajani.

"Andika wewe. Kila saa. Uandike ulichokiona tu."

"Unakwenda wapi?"

"Njia panda."

Kopano alifunga daftari. "Dada Moliehi, usinifanyie hivyo. Nitaishije na jambo hilo?"

"Utaishi na vidole kumi. Hayo mengine tutayazungumza."

Ilikuwa saa mbili kamili. Kilometa tatu zilimlia muda wa karibu saa tatu. Mahali fulani theluji ilimfika mapajani, akawa anatambaa kama anayevuka mto wa uji. Mahali pengine mwamba ulikuwa umepanguswa na upepo, ukawa kioo, akapanda kwa vidole. Hakuomba tena kwa maneno. Alikuwa akihesabu pumzi, na kila pumzi ya kumi alisema Bwana, basi.

Njia panda mwamba ulikuwa mkavu. Upepo uliokuwa unafukia mlango wao siku mbili ulikuwa unaufagia mwamba huu. Na duara lilikuwepo, mawe makubwa kama vichwa, yamepangwa vizuri kuliko kazi yoyote ambayo Kopano aliwahi kuifanya kwa mikono yake, na jiwe jeupe katikati.

Pembeni yake palikuwa na nyayo za farasi. Farasi watatu. Walikuwa wamekuja hadi kwenye duara, wakasimama, wakazunguka, wakarudi walikotoka. Mavi ya farasi mmoja yalikuwa bado yanatoa mvuke.

Aliweka filimbi mdomoni, na chuma kikagandia mdomoni. Akapuliza mara sita, kama wanavyofundishwa, akangoja dakika, akapuliza sita tena. Bonde lilimrudishia sauti yake mwenyewe. Alipuliza hadi akaonja damu. Katikati ya kungoja hakuweza kukaa bure, akawa anaubomoa ule mduara, jiwe moja kwa dakika, na kuupanga mshale unaoelekea kushoto. Alipoweka jiwe la mwisho ndipo filimbi nyingine kutoka bondeni ilipomjibu. Tatu. Halafu tatu.

Ntate Lebakeng alikuja mbele ya wenzake wawili, juu ya farasi wa kijivu, blanketi limefungwa hadi masikioni. Aliutazama mshale, akautazama mdomo wa Moliehi, akashuka.

"Niliona mmekwenda nyumbani," alisema. "Nikamshukuru Mungu, nikageuza farasi." Akauangalia tena mshale. "Usiku huu ningelala usingizi mzuri, mwanangu."

Moliehi alimweleza kwa maneno machache: kibanda, mguu, saa ngapi. Mzee alihesabu kimoyomoyo, kisha akasema jambo ambalo Moliehi alijua angelisema, kwa sababu alikuwa mtu wa haki.

"Jua bado liko juu. Farasi sisi tunao. Tuelekeze tu kibanda kilipo, wewe ushuke kwa miguu kwa njia ya kadi kuelekea misheni, mmoja wetu akufuate kwa mbali. Pengine utafika. Ukipanda farasi, safari yako imeishia hapa."

Moliehi aligeuka kuitazama njia ya mkato. Nyayo zake zenyewe zilikuwa zinapotea katika ule mng'ao. Kibanda kilikuwa jiwe kati ya mawe, paa lake jeupe kama kila kitu. Yeye alikipata kwa rehema. Watu wengine wangeweza kupita mara nne kando yake.

"Hamtakiona bila mimi, na kwa miguu nitawachelewesha," alisema.

Akaweka mguu kwenye kikuku cha farasi wa pili, nyuma ya mmoja wa wenzake Ntate Lebakeng, akapanda. Hakulia. Ila farasi alipoanza kutembea, alihisi miguu yake ikining'inia bila kazi, na hapo ndipo alipojua kwa hakika kwamba imekwisha.

Saa saba walimtoa Kopano. Hospitali walimkata kidole kimoja, kile kidogo. Daktari alisema siku moja zaidi na angeondoka na nusu ya unyayo.

Jumatatu Moliehi alitimiza miaka ishirini na sita mbele ya cherehani, mstari wa mifuko ya nyuma. Jumanne Ntate Lebakeng alilisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, wakati Moliehi amesimama. Aliukuta ule mstari wa mshale umekatwa, na chini yake hati ya Moliehi: Sikuangalia. Niliandika nisichokiona. Alizikuta pia saa za Kopano. Saa tatu: naona paa. Saa nne: naona paa, na panya mmoja, naye ana njaa. Saa tano: nasikia filimbi, au nataka kuisikia. Siandiki kwamba nimeisikia.

Mzee alikaa na ukurasa huo muda mrefu. Kisha akaandika pale panapoandikwa: Haikukamilika. Akatia sahihi. Alisema angeweza kuandika barua makao makuu, akaiandika kweli, na jibu lilikuja kama walivyojua wote wawili kwamba lingekuja.

Mama yake Moliehi alipangusa vumbi kwenye msumari kwa ncha ya aproni, akairudisha kofia.

Majira ya mipichi kutoa maua, Ntate Lebakeng alimwita akampa karatasi nyingine. Haikuwa cheti. Ilikuwa fomu ya mtathmini, kwa waliopita umri. Kopano alikuwa na miaka ishirini na mmoja, alikuwa na muda, na alikuwa anaomba kurudia safari na mwenzake mpya. Alipoulizwa anataka nani amtathmini, alitaja jina moja.

Kwa hiyo asubuhi moja ya Oktoba Moliehi alikuwa amekaa juu ya jiwe njia panda ile ile, blanketi mabegani, kalamu mkononi. Kopano alifika akichechemea kidogo, jasho limemtoka, mwenzake nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwamba, akapanga mawe, akaja na daftari.

"Mshale umewekwa, mheshimiwa," alisema. "Tia sahihi hapo, tuna kilometa kumi na nne."

Moliehi alifunika kalamu. Akateremka kwenye jiwe lake, akavuka njia hadi kwenye mwamba, akainama.

"Dada, kweli unahesabu mawe?"

"Nyamaza kwanza," Moliehi alisema, na akaendelea kuangalia.